Muhuri si Pambo: Uhakiki wa Istilahi za Ufundi wa Mapambo ya Karatasi

Miongoni mwa kazi za mikono zilizoingia katika maisha yetu bila kubisha hodi ni ufundi wa kutengeneza mapambo ya karatasi ngumu: maua, vipepeo, majani, mashada na vibandiko vya majina, ambavyo hukatwa, hukunjwa, hupigwa chapa na kubandikwa juu ya kadi za harusi, kadi za michango, albamu za picha na zana za kufundishia. Ufundi huu umekuja na vyombo vyake, na vyombo vimekuja na majina yake. Majina hayo ndiyo tuliyokusudia kuyapima katika makala haya. Hatukusudii kumfundisha fundi kazi yake, kwani aghalabu fundi huijua kazi kabla mwanaistilahi hajaijua. Tunataka kuuliza kama maneno anayopewa na wafasiri yanamsaidia au yanamkwaza.

Mifano yetu tumeiweka Kibirizi, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Tuna sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, Kibirizi ni mwalo na soko la dagaa na migebuka, mahali ambapo bidhaa haiondoki bila karatasi: stakabadhi, kibali, barua na boksi. Mtu wa mahali kama hapo anajua uzito wa karatasi iliyopigwa muhuri. Pili, Kiswahili cha huko kinakutana kila siku na Kiha, Kibembe, Kirundi na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa. Neno likiweza kusimama Kibirizi bila kuyumba, lina matumaini ya kusimama Songea na hata Bukavu.

Hoja yetu kuu tunaitaja mapema ili msomaji aweze kutupima nayo. Istilahi za ufundi huu zinafaa kutokana na tendo la chombo, yaani chombo kinafanya nini, wala zisitokane na sauti ya jina lake la kigeni. Pia neno ambalo tayari limekabidhiwa mamlaka ya serikali na sheria lisikopwe kwa ajili ya urembo. Wafasiri wengi wameivunja kanuni hii ya pili kwa nia njema, na hasara yake humwangukia mtu mdogo.

Karatasi yenyewe

Tuanze na mali ghafi. Karatasi ngumu inayotumika katika kazi hii ina uzito wa takriban gramu 160 hadi 300 kwa mita moja ya mraba, ilhali karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80. Wafasiri wameiita "hisa ya kadi", "akiba ya kadi" na "kadi nene". Mawili ya kwanza hayahitaji maelezo marefu. Mfasiri aliona neno la kigeni lenye maana ya akiba au hisa, akalihamisha kama lilivyo, bila kujiuliza kama Mswahili anaweza kwenda dukani na kuomba hisa ya kadi. Akifanya hivyo, mwenye duka atamwelekeza benki.

Jambo la kusikitisha ni kwamba neno lipo, na lipo katika kila duka la vifaa vya shule, kuanzia Mwanga hadi Ujiji. Neno hilo ni manila. Mwalimu wa darasa la kwanza akitaka kuandika silabi za kutundika ukutani hununua manila. Mwanafunzi akitaka kuchora ramani ya mkoa huambiwa alete manila. Asili ya jina ni mji wa Manila katika Ufilipino. Katika karne ya 19 karatasi ya namna hii ilitengenezwa kwa nyuzi za katani ya huko, zilizopatikana katika kamba za meli zilizochakaa. Leo hutengenezwa kwa nyuzi za miti, lakini jina limebaki. Neno lenye safari kama hiyo, lililokwisha kukubaliwa na umma na lisiloleta utata wa ngeli, lina haki zote za uraia. Tuseme manila hii na manila hizi. Wala hatuoni haja ya "mamanila", tuliyoiona katika maandishi fulani.

"Kadi nene" si kosa la lugha, ila ni kosa la mantiki. Kadi ni kitu kilichokwisha kutengenezwa kwa kazi maalumu: kadi ya kliniki, kadi ya chama, kadi ya mwaliko. Manila ni malighafi. Kuiita malighafi kwa jina la kitu kinachotokana nayo ni kama kuuita unga ugali. Fundi hukata manila akapata kadi.

Hapa panafaa kutajwa istilahi moja ambayo wafasiri wameiacha kabisa, ingawa fundi hawezi kufanya kazi bila maana yake. Karatasi, kama ubao, ina nyuzi zinazolala upande mmoja. Ukikunja manila kwa kufuata nyuzi, mkunjo hunyooka. Ukikunja kwa kukata nyuzi, mkunjo hupasuka na rangi hubanduka. Seremala wa mitumbwi anayeranda ubao ufukweni Kibirizi analijua jambo hili kwa mkono wake. Tunapendekeza tuseme mkondo wa nyuzi, na katika maelekezo tuandike: "Kunja kwa kufuata mkondo wa nyuzi." Sentensi hiyo haihitaji mkalimani.

Muhuri, stempu na chapa

Sasa tunafika katika kiini cha uhakiki wetu. Chombo cha pili cha ufundi huu ni kipande cha mpira au cha ubao chenye mchoro uliochomoza. Hupakwa wino na kugandamizwa juu ya manila ili mchoro ubaki. Wafasiri wamekiita "muhuri" au "stempu". Tunayakataa yote mawili, na sababu zetu ni hizi.

Muhuri katika jamii yetu si mchoro tu. Ni sauti ya mwenye mamlaka pale ambapo yeye mwenyewe hayupo. Barua ya utambulisho ya afisa mtendaji wa mtaa, ambayo bila hiyo mwananchi anaweza kushindwa kumdhamini ndugu yake, si barua mpaka ipigwe muhuri. Kughushi muhuri wa serikali ni kosa la jinai. Mtu akisema "nina muhuri nyumbani", msikilizaji wake ana haki ya kuuliza: muhuri wa nani?

Tuchukulie kikundi cha akina mama wa Kibirizi ambao, dagaa wakiadimika siku za mbalamwezi, hutengeneza kadi na mashada ya karatasi kwa ajili ya harusi. Kikundi hicho kinataka kuomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria imeigawa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na tangu hapo maandiko ya miradi yamekuwa yakisomwa kwa jicho kali. Katika andiko lao, kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa, akina mama hao wanaandika kwamba wanahitaji fedha za kununulia "mihuri 12, stempu 30 na madai mawili ya maua". Afisa anayelisoma andiko hilo afikirie nini? Mihuri 12 ya ofisi zipi? Stempu 30 za nini? Na madai hayo mawili wanamdai nani? Akiwa mwangalifu ataliweka kando andiko hilo mpaka apate maelezo, na dirisha la maombi litafungwa. Akiwa na haraka atalikataa. Hakuna aliyefanya hila hapo, wala hakuna aliyezembea. Kosa lilikuwa ndani ya maneno.

Mfano huu tumeutunga, lakini haukutoka hewani. Kila neno lililomo ndani yake limechukuliwa kutoka katika namna za tafsiri zinazozagaa, na kila maana ambayo afisa angeifikiria ndiyo maana halali ya neno hilo katika Kiswahili cha ofisi.

Stempu nayo ina wadhifa wake. Tangu stempu ya kwanza ya posta ya kubandika ilipotolewa Uingereza mwaka 1840, neno hili na wenzake katika lugha nyingine limemaanisha kipande cha karatasi kinachothibitisha kwamba malipo yamefanyika. Leo barua za kubandikwa stempu zimepungua, lakini neno halijastaafu: kuna stempu za kodi katika chupa za vinywaji na pakiti za sigara, na kuna ushuru wa stempu katika mikataba. Fundi wa mapambo anaweza kweli kutumia stempu, akizibandua katika bahasha za zamani na kuzipanga kama majani ya ua. Hapo ataziita stempu kwa haki kabisa. Lakini akikiita kipande cha mpira stempu, na ilhali stempu halisi zipo juu ya meza yake, hata yeye mwenyewe atapotea.

Historia ya Kigoma inatupatia ushahidi mzuri wa kutenganisha mambo haya. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Kigoma mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na utawala wa Wabelgiji ukadumu huko mpaka mwaka 1921 Waingereza walipokabidhiwa. Katika kipindi hicho zilitumika stempu za Kongo zilizoongezewa maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi kuonyesha kwamba ni za sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani iliyokaliwa na Ubelgiji. Tuitazame bahasha ya siku hizo kwa macho ya mwanaistilahi. Kile kipande cha karatasi chenye gundi ni stempu. Yale maandishi yaliyoongezwa juu yake kwa mtambo ni chapa. Ile alama ya duara yenye jina la posta na tarehe, iliyopigwa ili stempu isitumike tena, ni muhuri. Vitu vitatu vimelaliana mahali pasipozidi upana wa kidole gumba, na Kiswahili kina neno kwa kila kimoja. Lugha yenye utajiri huo ina sababu gani ya kuyachanganya maneno yake kwa ajili ya ua la karatasi?

Kwa hiyo tunabaki na chapa. Neno hili ni pana: huhusu uchapaji wa vitabu, alama ya ng'ombe, na alama ya biashara. Upana huo hapa unatufaa, kwani hakuna ofisi iliyolimiliki. Mwalimu wa sanaa anayewafundisha watoto kukata kiazi katikati, kukichonga nyota, kukichovya katika rangi na kukigandamiza juu ya karatasi, husema kwamba wanapiga chapa. Hasemi kwamba wanapiga mihuri.

Palitokea rai kwamba chombo chenyewe kiitwe "kichapio", kwa kufuata mfano wa kifutio na kibanio. Kwa sarufi rai hiyo haina dosari. Lakini neno halisikiwi na sarufi peke yake. Mtoto wa shule aliyezoea neno kichapo atalisikia kichapio kama jina jipya la fimbo, na mwalimu atakayesema "leteni vichapio vyenu kesho" ataliona darasa tupu. Tunaonelea ni bora kusema chapa ya mkono kwa chombo, na mchoro wa chapa kwa alama inayobaki. Ikihitajika kutaja kitu kilichotumika, tuseme chapa ya mpira, chapa ya ubao, au chapa ya kiazi.

Huenda mtu akatuuliza habari za majirani zetu. Katika nchi za ng'ambo na kaskazini ya ziwa ambako Kifaransa kimekuwa lugha ya ofisi, muhuri huitwa kashe. Mfanyabiashara wa Kibirizi analielewa neno hilo, kwa sababu hulikuta katika karatasi za wenzake. Lakini hata kashe ni ya ofisi. Kwa hiyo ushahidi wa majirani unaiunga mkono hoja yetu: kila lugha ya mwambao huu imeweka pembeni neno moja kwa ajili ya mamlaka.

Dai, kalibu na kikatio

Chombo cha tatu ndicho kilichowasumbua wafasiri zaidi. Ni utepe mwembamba wa chuma wenye makali upande mmoja, uliokunjwa kwa umbo la ua, jani au herufi. Huwekwa juu ya manila, vyote viwili vikawekwa katikati ya mabamba mawili, na mabamba hayo yakapitishwa baina ya rola mbili zinazozungushwa kwa mkono. Yeyote aliyekwisha kutazama mua ukikamuliwa kando ya barabara ameuona mtambo huu, isipokuwa kwamba hapa kinachotoka upande wa pili si maji bali ua lililokatika sawasawa. Maboksi yanayorundikana sokoni Kibirizi nayo yalikatwa viwandani kwa njia hiyo hiyo, kwa makali makubwa zaidi. Ukilifumua boksi moja na kulilaza chini utaona mahali makali yalipokata na mahali yalipobonyeza tu ili pakunjike.

Wafasiri wamekiita chombo hiki "dai". Neno hili hutumiwa na mafundi wa gereji kwa chombo cha kukatia hesi, na huko gereji tunaliacha liendelee na kazi yake. Lakini likitoka gereji linakutana na dai la Kiswahili, lenye wingi wake madai, ambalo ni neno la mahakamani na la vyama vya wafanyakazi. Maneno mawili yanaweza kufanana kwa sauti bila madhara iwapo yanaishi mbalimbali. Haya mawili yatakutana katika ankara, risiti na maombi ya mkopo, yaani katika karatasi zile zile ambamo habari za kudai na kudaiwa huandikwa. Kufanana kwa namna hiyo hakuvumiliki.

Wengine wameliepuka dai na kuchukua "kalibu". Hawa wamefanya vyema zaidi, kwani wametafuta nyumbani kwanza. Hata hivyo hatuwezi kukubaliana nao. Kalibu ni chombo ambacho kitu kilaini huingia ndani yake kikachukua umbo lake: udongo wa matofali, madini yaliyoyeyushwa, saruji. Ndugu yake ni foroma, na ndugu wa foroma ni faroma ambayo kofia iliyofuliwa huvikwa ili ikauke na umbo lake. Vyote hivi huunda umbo kwa kujaza au kuvalisha. Chombo chetu hakijazwi wala hakivalishwi, bali hukata. Fundi wa matofali akiambiwa kwamba kuna kalibu ya kukatia atafikiri anataniwa.

Neno tunalolipendekeza ni kikatio. Limeundwa kwa kitenzi cha kila siku, katika hali ya kutendea, kwa kufuata mwendo wa kifutio, kibanio na kichujio. Linasema wazi kitu kinafanya nini. Linapokea vivumishi bila taabu: kikatio cha ua, kikatio cha herufi, vikatio vyembamba. Mtambo wenyewe tunauita mashine ya kugandamizia, kwa kuwa kazi yake ni kugandamiza tu, na ukiuwekea kikatio hukata, ukiuwekea bamba lenye michoro huchomoza. Kwa mwendo huo huo, kijiti kisicho na makali kinachotumika kuweka alama ya mkunjo kiitwe kikunjio. Padi ya wino tunaiacha kama ilivyo. Wako waliotaka kuiita "kidau cha wino", lakini kidau ni chombo cha kuwekea wino wa maji, na padi ni kitambaa kilicholoweshwa. Ofisi zote zinasema padi, wala hatuoni sababu ya kubomoa nyumba isiyovuja.

Majina ya mapambo

Hatimaye tufikie kazi yenyewe iliyokamilika. Kwa vitu vidogo vinavyobandikwa juu ya kadi au albamu, tumekuta "urembo", "nakshi", "vikorombwezo" na "mapambo", vikitumika kana kwamba ni kitu kimoja. Kiswahili hakikuyaumba maneno manne ili yafanye kazi ya neno moja.

Nakshi huingia katika kitu chenyewe. Nakshi ya mlango wa Unguja au wa Lamu imechongwa katika ubao, na huwezi kuibandua bila kuuharibu mlango. Kwa hiyo manila iliyochomozwa michoro kwa kugandamizwa imetiwa nakshi, na neno hapo limekaa mahali pake. Urembo una uhusiano zaidi na mwili na mavazi: hina, shanga, pete. Vikorombwezo ni neno zuri lenye ucheshi, lakini hukusanya kila kitu kinachofuatana na kingine, kikiwa cha maana au cha nyongeza tu. Litafaa katika mazungumzo, na katika bango la duka, kuliko katika mtaala. Pambo ndicho kitu kinachowekwa juu ya kingine ili kukipendezesha, na kinaweza kuondolewa. Ua la manila lililobandikwa juu ya kadi ni pambo, na likiwa dogo ni kipambo. Tukizishika tofauti hizi, maelekezo yetu yatakuwa mafupi, kwa sababu neno litakuwa limekwisha kusema kama kitu kimebandikwa au kimechorwa.

Kuhusu kitabu ambacho mapambo haya hubandikwa pamoja na picha, tiketi na barua za zamani, tumeona tafsiri moja ambayo hatuwezi kuipita kimya: "kitabu chakavu". Mfasiri alikutana na neno la kigeni lenye maana ya mabaki, akakumbuka vyuma chakavu, na kazi ikaisha. Mzazi atakayeambiwa na shule kwamba mwanawe alete kitabu chakavu ataleta kitabu kilichochanika, tena kwa furaha, maana anacho. Kinachotafutwa ni kitabu kinachotunzwa kuliko vyote nyumbani: chenye picha za arusi, cha kliniki ya kwanza ya mtoto, cha safari ya kwanza ya treni kutoka Kigoma. Kukiita chakavu ni kukigeuza kinyume cha kusudi lake. Tunapendekeza albamu ya kumbukumbu.

Sentensi pamoja na neno

Tungewadanganya wasomaji wetu tukisema kwamba maneno yakinyooshwa kazi imekwisha. Tazama sentensi ya namna hii, tuliyoitunga kwa kuiga maelekezo yanayofuatana na mashine hizi: "Weka dai uso chini juu ya hisa ya kadi na endesha kupitia mashine mara mbili kwa kata safi." Hata tukibadilisha majina yote, sentensi haitakuwa ya Kiswahili. Kinachoendeshwa hakitajwi. "Uso chini" ni mfupa wa lugha nyingine. "Kwa kata safi" haina mwendo wowote wa sarufi yetu. Mfasiri amehesabu maneno, akayarudisha kwa idadi ile ile.

Fundi anayemfundisha mwanafunzi wake angesema hivi: "Weka manila juu ya bamba la chini. Weka kikatio juu yake, makali yaelekee chini. Funika kwa bamba la juu, kisha uyapitishe mabamba yote katika mashine mara mbili, ili ua likatike vizuri." Maneno yameongezeka, lakini kila tendo lina mtendwa wake, na matendo yanafuatana kama mikono inavyofuatana. Maelekezo ya ufundi hupimwa kwa jambo moja tu: je, mtu asiyepata kuuona mtambo anaweza kuyafuata mpaka mwisho bila kuuliza?

Mfano mwingine ni waridi la msokoto. Tumeuweka hapa kwa ajili ya walimu, kwa kuwa hauhitaji mashine: "Kata duara la manila nyembamba lenye upana wa sentimita 8. Kuanzia ukingoni, likate kwa mkasi kwa mzunguko kama gamba la konokono, mpaka ufike katikati, na pale katikati ubakishe kiduara kidogo. Anza kuusokota utepe huo kwa ncha ya nje. Ukifika mwisho, uachie ulegee kidogo, kisha gundisha kiduara chini yake kiwe kitako." Hakuna neno hata moja hapo lililohitaji kuundwa. Mkasi, gundi, duara, utepe, kitako: yote yalikuwapo. Mwanaistilahi mwenye busara hulijaza pengo, wala hachimbi pengo ili apate kulijaza.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunayaweka mbele ya wasomaji maneno yafuatayo. Haya ni mapendekezo, bado hayajasanifiwa.

Manila: karatasi ngumu ya kutengenezea kadi na mapambo.
Mkondo wa nyuzi: upande ambao nyuzi za karatasi zimelalia.
Chapa ya mkono: kipande cha mpira, ubao au kiazi chenye mchoro uliochomoza, cha kupigia mchoro kwa wino.
Mchoro wa chapa: alama inayobaki baada ya kupiga chapa ya mkono.
Kikatio: chuma chenye makali na umbo maalumu, cha kukatia manila kwa kugandamizwa.
Mashine ya kugandamizia: mtambo wa rola mbili unaotumika pamoja na kikatio au bamba la nakshi.
Kikunjio: kijiti butu cha kuwekea alama ya mkunjo.
Kipambo: pambo dogo la kubandika.
Albamu ya kumbukumbu: kitabu cha kubandikia picha, karatasi za kumbukumbu na vipambo.
Muhuri na stempu: yabaki katika kazi zake za ofisi, posta na kodi.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, maneno mengi yamependekezwa. Mengine yamepokewa na mengine yamebaki katika orodha. Jokofu limesanifiwa, na bado watu wengi wanasema friji. Mwamuzi wa mwisho ni mtumiaji. Kwa sababu hiyo hatuwaombi wasomaji watukubalie, ila wayajaribu maneno haya kazini. Mwalimu ayatumie katika somo la sanaa aone kama watoto wanayashika. Mfasiri ayatie katika maelekezo aone kama sentensi inatembea. Afisa maendeleo ya jamii ayasome katika andiko la mradi aone kama anaelewa kinachoombwa bila kumwita mwombaji. Walimu wa Kibirizi, Ujiji na vijiji vya mwambao wanaojua Kiha na Kibembe watatusaidia zaidi ikiwa wataleta maneno ya huko kwa vyombo vya kukatia, kubonyeza na kukunjia, maana pengine kikatio kilikwisha kupata jina zuri zaidi kabla sisi hatujaanza kulitafuta.

Mama wa Kibirizi anayeandika kwamba anahitaji vikatio viwili vya maua, chapa 12 za mpira na manila 100 amesema anachokitaka. Anayemsomea maombi yake hana la kushuku, ila la kuamua: kama fedha zipo au hazipo.